Beki Tatu Anaona Kila Kitu, Mbona Stori Haipiti Kwake?

Wadau wa tamthilia, fanyeni zoezi moja dogo wiki hii. Chukueni sizoni yoyote ya Kibongo mnayoipenda, halafu steringi mwacheni kwanza. Mwangalieni yule anayeleta juisi.

Anaingia sebuleni na trei, glasi mbili au tatu. Anapiga goti kidogo, "Karibuni." Mama mwenye nyumba anamkunjia uso, "Haya, nenda." Anatoka. Imetoka hiyo, kazi yake imeisha mpaka episodi nyingine atakapokuja kufungua geti au kusema, "Mama, kuna mgeni wako." Ana umri gani? Haijulikani. Katokea wapi? Kijijini. Kijiji gani sasa? Kijijini tu, basi. Kwenye skripti huenda hata jina hana, kaandikwa "Dada".

Sasa jiulize, ndani ya lile jumba la ghorofa lenye makochi meupe, nani anajua mambo kuliko wote? Mume anadanganywa na mke. Mke anadanganywa na shoga yake. Shoga naye anadanganywa na mume wa mwenzie. Wote wanadanganyana na wote wanashtuka ikifika episodi ya mwisho. Lakini yule mwenye trei ndiye anayetandika vitanda, kwa hiyo anajua nani hakulala wapi. Ndiye anayefua, kwa hiyo anajua mashati yana rangi ya mdomo ya nani. Ndiye anayemwaga taka, na kwenye taka kuna risiti, kuna maboksi ya dawa, kuna vipimo vya mimba. Simu ikiita saa nane usiku anaisikia, maana yeye ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka.

Mtu wa hivyo kwa msimuliaji ni dhahabu. Halafu watunzi wanampa glasi za juisi.

Twende Kinampanda kidogo. Ni kule Iramba, mkoani Singida, si mbali na Kiomboi, sehemu ambayo wengi wa nje wanaijua kwa sababu ya chuo cha ualimu. Tamthilia kule zinaangaliwa kama kwingine kote. Mwenye king'amuzi anaangalia nyumbani na majirani zake, asiye nacho anaenda kibanda umiza, mwingine anaingiziwa kwenye memori kadi anaangalia kwenye simu mpaka chaji iishe. Na kutoka maeneo kama hayo ndiko mabinti wengi wanapanda basi, Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro, mpaka Mbezi, wanaenda kuwa hao hao wanaobeba trei. Wanaiona kazi yao kwenye kioo kabla hawajaianza.

Kuna binti mmoja wa huko, jina kapuni, alikaa Dar miaka miwili akifanya kazi za ndani, akarudi nyumbani msimu wa kuvuna alizeti. Sasa unajua kazi ya kupura alizeti, mikono inafanya kazi, mdomo uko huru. Akina mama wamekaa na vijiti vyao wanapiga yale mavichwa makavu, na wasio na king'amuzi wanataka kusimuliwa sizoni imefika wapi. Binti akapewa kazi hiyo, maana anajua kusimulia na mjini ametoka juzi.

Episodi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mke anamuaga mume kwamba anaenda semina Arusha siku tatu. Kumbe hakuna semina, kuna jamaa. Kwenye kioo mtazamaji alionyeshwa yote, mke yuko chumbani anaongea na jamaa kwa simu, kisha anajiangalia kwenye kioo cha kabati na kusema peke yake kwa sauti, "Leo lazima nimdanganye huyu mwanaume." (Nani anaongeaga hivyo jamani? Lakini tuyaache.)

Binti alivyosimulia haikuwa hivyo. Alianza hivi: "Yule dada wa kazi alishajua tangu Jumatatu. Begi alilipanga yeye. Mtu wa semina anabeba magauni matatu ya usiku halafu habebi hata kalamu?"

Akina mama wakacheka mpaka vijiti vikasimama. Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Dada kasikia hiki akiwa anaosha vyombo, akafunga bomba ili asikie vizuri, bomba likinyamaza mama naye akashtuka akanyamaza. Dada kaulizwa na baba, "Mama yenu kaondoka saa ngapi?" na hapo ndipo roho ilipomtoka, maana akisema ukweli anafukuzwa na mke, akidanganya anafukuzwa na mume. Stori ile ile ambayo kwenye kioo ilikuwa inapitisha muda tu, pale chini ya mti watu waliacha kupura.

Mama mmoja ambaye episodi alikuwa ameiona kwa jirani akahoji, "Hiyo ya bomba mbona mimi sikuiona?"

Binti akajibu, "Hawakuionyesha, mama. Lakini ipo."

Hilo jibu linawazidi maprodyuza wengi. Maana ndiyo fani yenyewe hiyo. Tukio ni moja, swali ni linaonwa kwa macho ya nani. Ukimweka mtazamaji machoni mwa mke, stori inakuwa ya mapenzi na kuogopa kukamatwa. Machoni mwa mume inakuwa ya aibu. Ukimweka jikoni, inakuwa stori ya mtu anayejua ukweli na hana pa kuupeleka. Hujabadilisha chochote, mke bado kaenda Arusha, magauni ni yale yale matatu. Umebadilisha tu mahali pa kusimama.

Tatizo la tamthilia nyingi za Bongo ni kwamba hazisimami popote. Kamera inajua kila kitu. Dakika hii ipo kwa adui anapanga njama, dakika inayofuata ipo kwa steringi, kisha ofisini, kisha hospitalini, na kila mtu akifika anatoa siri yake mbele ya mtazamaji kama anayetoa ushahidi mahakamani. Asipoisema kwa mdomo inasemwa na ile sauti ya moyoni yenye mwangwi, mtu kakaza macho dirishani na sauti inasikika, "Nitamwonyesha." Mtazamaji hapewi nafasi ya kukosea. Hapewi nafasi ya kumwamini mtu mbaya kisha aumie. Anajua yote kabla ya wote, kazi yake inabaki kusubiri lini wahusika nao watajua, na hapo ndipo episodi mia moja zinapopatikana.

Siyo kwamba haijawahi kufanyika vizuri. Siri ya Mtungi ya mwaka 2012 ilimweka katikati kijana anaitwa Cheche, na Cheche ni mpiga picha. Mtu ambaye kazi yake ni kuangalia watu. Uamuzi mdogo huo, lakini ukiwa na mpiga picha kila mtu anayeingia studio ana sababu ya kutazamwa, na mtazamaji anajua anatazama na nani.

Na ukweli ni kwamba watu wa vibandani wanalijua hili jambo zamani kuliko watu wa runinga. Kabla Kinampanda haijajua tamthilia za Kibongo, muvi za nje zilifika zikiwa na sauti ya mtu juu yake. Lufufu, jina lake la nyumbani Derek Mukandala, alikuwa kati ya wale wa mwanzo Dar es Salaam waliochukua filamu za Kizungu, Kichina na Kihindi wakazisimulia kwa Kiswahili kwenye kanda. Wakaja wengine wengi, akina Dj Mack na wenzake. Uganda wana akina VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Wote mchezo wao ni mmoja, sauti ya filamu inashushwa, ya dijei inapanda, na kuanzia hapo filamu ina mwenyewe.

Wasomi wanasema hiyo ni tafsiri. Wapi! Mtafsiri anakaa nyuma ya maneno ya mtu, dijei anakaa mbele ya picha. Anakuambia huyu bwana usimwamini, huyu mama mkwe ana roho mbaya tangu zamani, huyu askari analipwa mshahara mdogo ndiyo maana amekimbia. Mambo ambayo mwenye filamu hakuyasema. Akiona mtu anapita nyuma na ndoo, anaweza kumpa jina, anampa watoto, anampa deni dukani. Watu wanacheka, lakini mwenye ndoo ameshakuwa mtu. Akipigwa risasi dakika mbili baadaye, kibanda kizima kinasema "Aaa!" Hilo "Aaa" limetengenezwa na dijei peke yake, mwongozaji wa kule alikuwa anapunguza watu tu.

Dijei anakosea sana pia, anaongea mpaka kwenye sehemu za kunyamaza, na mara nyingine anageuza stori ya watu ikawa kituko. Ila hata siku moja hajakuacha bila kujua nani anakusimulia na yuko upande wa nani. Yule binti wa alizeti alikulia kwenye vibanda hivyo. Alichofanya ni kuwa dijei wa sizoni ya Kibongo, upande wa jikoni.

Hapa mtu atasema, haya, ni burudani tu, unatafuta nini cha ziada? Subiri.

Pale kwenye alizeti alikuwepo mdogo wake, ndiyo kwanza kamaliza shule, na mpango ulikuwa naye aende Dar mwezi unaofuata, kuna mtu wa familia alishaongea na mtu. Muda wote alikuwa anasikiliza kimya. Ndipo akauliza, "Na yule dada analala wapi?"

Swali la mtoto kabisa, na hakuna aliyekuwa na jibu. Waliokuwa wameangalia sizoni nzima walikuwa wanakijua chumba cha mume na mke, chumba cha watoto, ofisi ya baba, bwawa la kuogelea, hata ndani ya gari. Pa kulala beki tatu, hakuna aliyewahi kupaona. Binti akamwambia, "Mimi nilikuwa nalala stoo. Pembeni ya mchele na jenereta."

Baada ya hapo stori ya tamthilia ikaishia njiani, yakaanza maswali mengine. Mshahara aliahidiwa elfu sitini akaanza kupewa arobaini. Simu ilikuwa inakaa kwa bosi mpaka Jumapili. Hela ya miezi ya mwanzo ilitumwa kwa mjomba, na mjomba ana stori yake. Siku ya mapumziko haikuwepo kwa sababu hakuiulizia, na hakuiulizia kwa sababu hakujua kwamba ni kitu cha kuuliza. Kipo hata chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinachohusika pia na wafanyakazi wa majumbani. Alikuja kukisikia akiwa ameshaacha kazi.

Ukifikiria, huyu mtoto wa watu alikuwa ameangalia nyumba za Dar kwa miaka. Sebule aliijua kuliko wauza makochi. Alipanda basi akiwa anajua jinsi mama mwenye nyumba anavyokaa, anavyovaa, anavyogombana na mawifi zake, na akawa hajui kitu kimoja kuhusu chumba atakachoishi yeye. Kwa miaka yote hiyo kamera ilikuwa imemweka kwenye kochi, upande wa anayeletewa juisi. Alizoea kujitazama mwenyewe kwa macho ya bosi wake, na pale kwenye utani wa lafudhi ya kijijini alikuwa anacheka na wengine.

Hiyo lafudhi nayo ina mambo yake. Beki tatu wa tamthilia anachanganya Kigogo kidogo, Kisukuma kidogo na kitu kingine ambacho hakina kabila. Mnyiramba akisikia haijui, Mgogo akisikia haijui. Kaambiwa acheze "mtu wa bara" na mtu wa bara hakuulizwa. Akitajiwa mlenda ndiyo kichekesho cha wiki.

Wapo watakaosema mbona muvi za mahausigeli zipo tele? Kweli zipo. Hausigeli anaiba mume, hausigeli anatesa mtoto, hausigeli kaja na uchawi wa kwao. Angalia vizuri kamera imekaa wapi humo. Imekaa na mama mwenye nyumba, inachungulia jikoni kwa wasiwasi. Hausigeli hapo ni steringi kwenye posta tu, ndani ya stori ni hatari iliyoingia nyumbani. Mambo mabaya ya kweli yanatokea pande zote, hakuna anayekataa. Lakini upande mmoja una kamera kila mara.

Nje huko walishapita hapa. Uingereza mwaka 1971 ilianza tamthilia ya Upstairs, Downstairs, na ikaenda mpaka 1975. Waliobuni wazo lake ni waigizaji wawili wa kike, Jean Marsh na Eileen Atkins, wote wana wazazi waliowahi kufanya kazi kwenye nyumba za wakubwa. Wakaigawa nyumba, juu matajiri, chini wapishi na wafagizi, na stori inapanda na kushuka ngazi. Jean Marsh mwenyewe akacheza Rose, mfanyakazi wa ndani. Watu wakaipenda ikatoka hadi Marekani. Kwa hiyo yale maneno kwamba watazamaji wanataka kuona matajiri tu siyo ya kweli sana. Matajiri walikuwepo na magauni yao, ila kuna mtu alikuwa anawafungulia mlango na yeye ana maisha.

Na kwa Waafrika ipo mapema zaidi. Ousmane Sembène wa Senegal alitoa La Noire de… mwaka 1966, filamu fupi ya kama saa moja. Binti wa Dakar anaitwa Diouana anapelekwa Ufaransa na mabosi wake akijua anaenda kulea watoto. Akifika, anageuzwa mpishi na mfagiaji, mji wenyewe anauonea dirishani. Kwa mdomo anaongea kidogo sana, "Ndiyo bwana, ndiyo mama." Lakini mtazamaji anasikia sauti yake ya ndani mwanzo mwisho. Ona sasa, ni sauti ya moyoni ile ile ambayo Bongo inatumika kusema "Nitamwonyesha". Kwa Sembène inafanya kazi kwa sababu huyu mtu nje hana ruhusa ya kuongea. Ana maneno mengi na hakuna anayeyataka. Filamu inaishia pabaya, na ikifika hapo mabosi wanashangaa kabisa, hawaelewi kilichotokea. Aliyesikia ile sauti hashangai.

Kuna suala la hela, na hili watayarishaji wasikilize. Kukodi jumba la Mbezi Beach ni gharama, na magari, na mawigi, na zile nguo za kuazima zisizotakiwa kuchafuka. Stori ya jikoni inataka jiko, korido, kamba ya nguo na geti. Ugomvi wa sebuleni usikike tu kupitia mlangoni, nusu nusu, neno moja linakosekana na neno hilo ndilo mtazamaji atakalolitafuta wiki nzima. Hakuna kingine kitakachowafanya watu wabishane vibandani kama neno ambalo hawakulisikia. Kwenye Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo watu wameonyesha wako tayari kufuata stori ndefu miezi na miaka. Hao hao watafuata na hii.

Tena waigizaji wapo. Kuna wadada wanaocheza beki tatu sizoni hadi sizoni, ukiwatazama vizuri unaona mmoja mmoja anafanya kitu ambacho hakuambiwa. Mabosi wanagombana, yeye anaweka glasi taratibu isitoe sauti, macho yanaenda kwa mtoto aliyesimama kwenye ngazi. Sekunde mbili, kamera imeshahama. Huyo apewe kurasa tano za skripti, jikoni, mlango umefungwa, bomba linatiririka. Mwongozaji amwambie alifunge pale anapotaka kusikia.

Yule mdogo wake wa Kinampanda safari ikasogezwa mbele kidogo. Mtu wa familia aliambiwa arudi kuuliza mambo manne: chumba, mshahara, simu na Jumapili. Majibu ya matatu yamekuja. La chumba bado.